Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mazingira, Polynesia ya Kifaransa: kiangalieni chungu cha maua

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tunakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu msiba wa konokono wenu ulianzia kwetu. Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki aliingia Tahiti mwaka 1967, akavamia mazao. Ili adhibitiwe, mwaka 1974 akaletwa konokono wa Florida anayekula konokono wenzake, na 1977 akafikishwa kisiwa jirani cha Moorea. Huyu hunusa ute kwa midomo iliyochomoza kama masharubu, akaufuata mpaka kwa mwenyewe. Jitu letu likabaki. Aliyeisha ni partula, konokono wa mitini wa asili ya visiwa vyenu, mwenye gamba la sentimita moja au mbili tu. Partula hatagi, huzaa mtoto mmoja mmoja, wakati jitu letu hutaga mayai kwa mamia. Kufikia 1987, spishi zote saba za partula wa Moorea zilihesabiwa kuwa zimetoweka porini.

Kuwarudisha ni kazi kubwa, na tunaipongeza kwa dhati. Tangu 2015 partula waliozalishwa katika bustani za wanyama wanaachiwa msituni, kila mmoja na nukta ya rangi gambani. Mwaka 2024 huko Moorea wakaonekana partula wa spishi ya Partula tohiveana, waliokomaa, wasio na nukta yoyote: wamezaliwa hukohuko.

Hao ndio tunaowahofia sasa, kwa sababu ya mnyoo bapa wa New Guinea, ambaye tayari yumo Tahiti. Ni mweusi-kahawia, mwembamba, ana mstari mweupe mgongoni. Hutoka usiku, hufuata ute, na hupanda miti, kwa hiyo partula aliyelala chini ya jani hana pa kukimbilia.

Mnyoo huyu husafiri ndani ya udongo wa vyungu vya maua. Tunaomba miche yenye udongo isivushwe kutoka kisiwa hadi kisiwa kabla ya kuloweshwa kwenye maji ya nyuzi 43 za Selsiasi kwa dakika tano au zaidi. Kipimo hicho humuua. Kipimajoto kichomekwe katikati ya udongo, na dakika zihesabiwe kuanzia hapo panapofikia nyuzi 43. Wanaopima maji ya ndoo peke yake hukosea: ukingo unapata moto, kiini bado baridi, na mnyoo amejificha kiinini.

Kwenye njia za miguu za mabondeni pawekwe brashi na maji, buti zisuguliwe hadi kwenye mifereji ya soli. Wafanyakazi waambiwe wasimkatekate mnyoo kwa panga, maana kipande chake huweza kukua kuwa mnyoo mzima. Atiwe kwenye maji ya moto.

Hesabu za usiku ziendelee hata baada ya habari njema, na wasio na nukta waandikwe peke yao. Na akitokea mtu na mnyama mwingine wa kumla mnyoo huyu, tunakusihi, mkatalie.

Wako katika kuwajali partula,
Wafuatiliaji wa konokono wa nchi kavu, Afrika Mashariki