Kisu cha kukunja: anza na kiungo, si mpini

Anayenunua kisu cha mfukoni kwa mara ya kwanza huvutwa na mpini: rangi yake, mbao, nakshi. Tunakuomba uanze na kiungo, pale bapa linapokutana na mpini. Kisu kidogo kikichoka, huchokea hapo.

Kifungue chote. Shika mpini, bana mgongo wa bapa kwa vidole, usukume kushoto na kulia. Kisicheze. Kikicheza na kiungo kina skrubu, robo mzunguko wa bisibisi huweza kutosha. Kama ni ribiti iliyogongwa, kiache dukani. Halafu kifunge uone ncha inazama yote. Ncha inayochungulia, hata milimita moja, itatoboa mfuko na kuendelea hadi pajani.

Sasa loki, kifaa kinachozuia bapa lisijikunje. Visu vingi vidogo vya Victorinox havina. Bapa hushikwa na springi ya mgongoni tu. Kwa kumenya chungwa au kufungua katoni ni salama kabisa, lakini usivitumie kutoboa, maana ukisukuma kwa ncha bapa linaweza kukukunjikia vidoleni. Visu vingi vya Opinel vina pete ya chuma unayoizungusha kwa mkono, na ni loki nzuri isiyo na mambo mengi. Visu vingine hutumia bamba jembamba linaloruka ndani ya mpini na kukaa nyuma ya bapa. Hilo likaguliwe kwa makini: likigusa kisigino cha bapa, yaani mwisho wake upande wa kiungo, kwa ukingo tu, huteleza. Weka vidole mbali na njia ya makali, gonga mgongo wa bapa polepole kwenye ubao. Loki ikiachia, usinunue, hata ukipunguziwa bei.

Urefu wa sentimita 6 hadi 8 unatosha kazi za kila siku. Kwenye ndege kiweke katika begi la kukabidhi, kamwe si la mkononi.

Kuhusu chuma, kwa wakazi wa pwani tunapendekeza chuma cha pua. Chuma cha kaboni hunoleka upesi sana, ila maji ya limau hukiachia madoa kwa dakika chache, na hewa ya chumvi hukiletea kutu. Hata chuma cha pua hushika kutu kiungoni, ambako mchanga na unyevu hujificha. Kioshe kikiwa wazi, kikaushe, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hayafai: baada ya muda huganda kama gundi na kisu hukataa kufunguka.

Wakati wa kunoa, kama bapa lina upana wa sentimita moja na nusu, inua mgongo wake milimita 5 juu ya jiwe. Hapo umepata takriban digrii 20. Noa pande zote mbili sawasawa, na uache pale makali yanapopita kwenye karatasi ya gazeti bila kuirarua.