Mstahiki Meya, tunaomba kibao cha Lucy Lameck pale Sanamu la Askari

Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam,

Shikamoo. Naandika hapa wazi ili na wenzangu wasome, maana jambo hili ni la mji mzima na wala halihitaji hela nyingi.

Pale Sanamu la Askari, Samora na Maktaba, najua unapapita. Yule askari aliwekwa na Waingereza 1927, ila kabla yake, tangu 1911, pale pale alikuwa amesimama Mjerumani anaitwa Hermann von Wissmann. Huyu ndo aliletwa 1889 kuwazima watu wa pwani waliokataa kutawaliwa, na Desemba mwaka ule ule Abushiri, kiongozi wao, akanyongwa Pangani, baadaye Wissmann akapewa na ugavana, halafu wakamchongea sanamu wakatuwekea katikati ya mji wetu. Waingereza walivyoingia 1916 wakaliondoa, likaishia Hamburg, na huko wanafunzi wenyewe wa Kijerumani wakaliangusha 1968.

Sasa Berlin, eneo la Neukölln, kulikuwa na mtaa wenye jina lake, Wissmannstraße. Aprili 2021 wakalitoa lile jina wakaweka Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck wetu! Binti wa Njoro, Moshi, aliyezaliwa 1934 na akaanza maisha kwa kusomea unesi.

Huo unesi wake ndo unanigusa. Alisoma, akaiva, halafu akakataa kufanya kazi chini ya serikali ya mkoloni. Mstahiki, hebu fikiria msichana wa miaka ile, mtoto wa wakulima, ana taaluma mkononi ambayo wengi wangeililia na anaiweka pembeni kwa sababu ya msimamo. Akaenda kujifunza kupiga chapa na hatimkato, akafanya usekretari kwenye KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, akaingia TANU, TANU wakamsaidia kwenda Ruskin College pale Oxford, akasoma na Marekani pia. Mwaka 1960 akaingia Baraza la Kutunga Sheria, na baada ya uhuru akawa mwanamke wa kwanza nchini kushika cheo cha uwaziri, kwanza upande wa ushirika na maendeleo ya jamii, halafu 1967 mpaka 1972 Waziri Mdogo wa Afya. Yaani aliyekataa kuwa nesi wa mkoloni akarudi kwenye afya akiwa kiongozi wa nchi huru, na bungeni hakuacha kusemea maisha ya wanawake. Kwangu mimi hapo ndo ukubwa wake ulipo kuliko hata vyeo vyenyewe.

Mama yangu ni nesi mstaafu kwahiyo hawa watu nawajua. Simama getini Muhimbili asubuhi zamu ya usiku ikitoka, utawaona gauni jeupe juu kajifunga kanga, viatu vya kazi kwenye mfuko, macho mekundu, na bado ndugu wa mgonjwa anamkimbilia mpaka kituoni, sista samahani, sista nisikilize kidogo, na sista anasimama anasikiliza wakati gari lake linaondoka. Wengi wao ni wanawake na wengi wanabeba familia nzima. Nawauliza hawa dada zetu wanafunzi wa unesi kama wanamjua Lucy Lameck, wananiambia hapana, wakati kule Berlin mtoto anayekaa ule mtaa anaandika jina lake kila akiandika anwani.

Bibi Titi ana barabara yake hapa mjini na ni haki yake kabisa. Ombi letu ni dogo, kibao kimoja pale kwenye mzunguko wa Askari, kieleze kwamba hapa alisimamishwa Wissmann, na kwamba mtaa uliokuwa wake Berlin sasa ni wa Lucy Lameck, nesi, mbunge, waziri, mtetezi wa wanawake. Askari abaki, hatumgusi, na yeye ana historia yake.

Kama ofisi yako itakubali, tunaomba kizinduliwe tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, na kitambaa wavute manesi wenyewe, wastaafu na wanafunzi. Maandishi yawe ya Kiswahili na yawe makubwa, hata aliyekaa kwenye bajaji kwenye foleni aweze kusoma.

Nasubiri majibu, Mstahiki.

Mtoto wa nesi,
Ilala