Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: jarida letu na mtu anaelihariri

Wanachama wenzangu, wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za mwaka. Nianze na jarida maana ndo mnaloniuliza kila tukikutana, limetoka, lilichelewa sababu ya hela ya mchapaji ila limetoka, na mashairi ya vijana wa sekondari yamo. Ya ada na ukumbi mweka hazina atayasema.

Sasa kwenye vikao vya usomaji mwaka huu tulikaa sana na washairi waliokua wahariri, na kuna jambo nataka tulimalize kabla ya uchaguzi. Walt Whitman, yule mshairi wa Marekani, 1838 akiwa na miaka 19 alianzisha gazeti kwenye mji mdogo wa Huntington, Long Island, likiitwa Long-Islander, na karibu kila kitu alifanya mwenyewe, kuandika yeye, kupanga herufi yeye, kuchapa yeye, alafu anapanda farasi anazunguka vijijini kuwagawia wasomaji. Mwaka haukuisha akaliuza. 1848 akaanzisha Freeman kule Brooklyn, gazeti la kupinga utumwa usienezwe kwenye maeneo mapya ya nchi, toleo la kwanza limetoka tu moto ukateketeza ofisi, na bado akarudi akaendelea. Mikono hiyo hiyo ndo 1855 ilipanga herufi za baadhi ya kurasa za diwani yake ya kwanza, kwa hiyo wanaosema mshairi akihariri anapoteza muda mimi siwaelewi kabisa.

Lakini alienigusa zaidi ni Harriet Monroe wa Chicago. Huyu mama nae mshairi, alitaka jarida la mashairi tupu ambalo linamlipa mtunzi, akawafuata matajiri wa mji mmoja mmoja mpaka akapata kama 100 waliokubali kutoa dola 50 kila mwaka kwa miaka 5, ndo Poetry likaanza Oktoba 1912. Mwanzoni yeye mwenyewe hakua na mshahara, alikua anaandika uhakiki wa sanaa kwenye gazeti la Chicago Tribune huku anahariri. Jarida lipo mpaka leo jamani!

Dada yetu mhariri anakagua vina na mizani usiku akishatoka kazini, anawajibu watunzi mmoja mmoja, hata wale ambao shairi halikupita anawaandikia kwa nini, na hatumpi hata nauli. Hii mimi siikubali. Napendekeza kila mwenye uwezo aahidi kiasi chake cha mwaka, kwa miaka 5, kwa maandishi, kidogo au kikubwa, kwanza tumlipe posho mhariri, alafu na mtunzi apate chochote. Na apewe msaidizi, akiugua leo hatuna jarida.

Fomu za ahadi ziko kwa katibu, walioko mikoani mtatumiwa, zirudi kabla ya mkutano mkuu pamoja na majina mnayopendekeza ya mhariri msaidizi.