Risala ya Chama cha Kiswahili kwa Mgeni Rasmi baada ya Ziara ya Kanisa Kuu la Namirembe

Baba Kanoni, Mgeni wetu Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazazi, walezi, na wanafunzi wenzetu,

Bwana asifiwe. Asalaam aleikum. Tunatoa salamu zote mbili kwa kuwa chama chetu kina wana wa nyumba zote mbili, na wote tulisafiri pamoja.

Baba Kanoni, karibu sana Jinja. Tumefurahi kwamba umekubali kuacha shughuli zako na kuja kuadhimisha nasi Siku ya Kiswahili. Ungeweza kujiuliza kwa nini wanafunzi wa Kiswahili wamwalike kasisi badala ya mshairi. Sababu ni ziara tuliyofanya muhula huu katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, Namirembe, jijini Kampala.

Kanisa lile huonekana kutoka mbali, kwa kuba lake na kuta zake za matofali ya kuchoma. Ukisimama uwanjani unaliona Kanisa Kuu la Wakatoliki la Rubaga kwenye kilima cha pili, na mnara wa msikiti wa Old Kampala kwa upande mwingine. Tulielezwa kuwa jengo la sasa lilijengwa kati ya 1915 na 1919, na kwamba waliotangulia walijenga na kupoteza. Mwaka 1894 dhoruba iliangusha kanisa la miti na nyasi. Lililowekwa wakfu mwaka 1904 lilipigwa na radi mwaka 1910, likaungua. Waumini hawakuhama kilimani. Safari hii waliezeka vigae.

Lakini tulikaa muda mrefu zaidi makaburini. Yupo pale Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti aliyefika Buganda mwaka 1878 na mashine yake ya kuchapia. Yupo Daktari Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897. Yupo George Pilkington, aliyeshirikiana na Henry Wright Duta kuifasiri Biblia kwa Kiganda. Biblia hiyo ilitoka nzima mwaka 1896, nene na nyembamba kwa upana, ili itoshe ndani ya kopo la biskuti, mchwa wasiifikie.

Tulipofika kwenye kaburi la Askofu James Hannington, sisi wa Busoga, eneo hili la Jinja, tulinyamaza. Aliuawa katika ardhi yetu tarehe 29 Oktoba 1885, kwa amri ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, na mifupa yake ikaletwa Namirembe mwaka 1892. Hilo tulilisoma darasani. Tusichokuwa tumekitafakari ni watu aliokuwa nao. Aliingia Busoga na wapagazi wapatao 50, watu wa msafara kutoka pwani, na walio wengi waliuawa pamoja naye. Sehemu ya msafara iliyobaki nyuma iliongozwa kurudi Rabai, karibu na Mombasa, na shemasi William Jones, Mwafrika aliyekuwa amekombolewa utumwani. Baba Kanoni, lugha ya misafara ile ilikuwa Kiswahili. Watu hao walikuwa wakiitana, wakiimba na kuomba maji kwa lugha hii tunayokusomea leo, na majina ya wengi wao hatuyajui. Jambo hilo limetuuma.

Na si wao tu. Msafiri Henry Morton Stanley alipoondoka kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1875, alimwachia kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari wa Zanzibar, ili amsomee Biblia. Wamisionari wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walipowasili tarehe 30 Juni 1877, Kiswahili kilikuwa tayari kinazungumzwa katika baraza la Kabaka kwa sababu ya wafanyabiashara wa pwani. Wasomaji wa kwanza wa Mackay walianza na Injili za Kiswahili, zile zilizofasiriwa Zanzibar chini ya Askofu Steere, kabla ya kuwapo kitabu cha Kiganda. Hapa Uganda tumezoea kusikia kwamba Kiswahili ni lugha ya kambi za jeshi na ya vizuizi vya barabarani. Sisi vijana tunaokisoma tunaambiwa hivyo hata nyumbani. Pale Namirembe tulijifunza kwamba watu wa nchi hii walijifunza kusoma kwa Kiswahili kabla ya hayo yote, na tunataka kila mtu alijue hilo.

Ndiyo maana tunaleta ombi mbele yako. Siku ile mwenyeji wetu alitueleza mambo kwa Kiingereza na Kiganda, kwa moyo mkunjufu, nasi tukawa tunatafsiriana kwa kunong'onezana. Kila inapokaribia tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji huja Namugongo kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, wengine kwa miguu, na wapo wanaopenda kuona Namirembe pia. Tunaomba kanisa lipokee kijitabu kifupi cha maelezo kwa Kiswahili, tutakachokiandika sisi wenyewe tukisimamiwa na mwalimu wetu. Ombi letu kwako ni kutuunganisha na wazee wanaoijua historia ya kilima hicho, waisome kazi yetu na kuisahihisha kabla haijachapwa. Tungependa ukurasa mmoja uwe wa Maftaa, Jones na wapagazi.

La pili ni usafiri. Tunatamani kufika Kyando, alikouawa Hannington, ambako si mbali na hapa, lakini nauli ya basi imetushinda. Mchango wowote utakaotuombea kwa wahisani tutaupokea kwa shukrani.

Baba Kanoni, tunakushukuru kwa kutusikiliza.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanachama wa Chama cha Kiswahili, Jinja.