Nafasi ya kwanza Google haiuzwi, msidanganywe

Mhariri,

Naandika nikiwa bado na uchungu. Nina tovuti yangu ndogo ninayowaandikia mafundi cherehani, kwa nini mashine inakata uzi, kwa nini inaruka mshono, mambo kama hayo, sasa mwaka jana kuna jamaa alinifuata akasema nikimpa hela ndani ya siku 30 nitakuwa wa kwanza Google. Nikampa. Siku za mwanzo nilipanda kidogo, halafu nikaporomoka hadi nikawa sijioni kabisa, na jamaa simu hapokei tena.

Ikabidi nichimbe mwenyewe. Nikafungua ukurasa wangu, nikashika mausi nikaburuta kutoka juu mpaka chini kama mtu anayetaka kukopi maandishi, na kule chini, kwenye sehemu nyeupe ambayo siku zote nilijua ni tupu, yakatokea maneno: cherehani cherehani bora fundi cherehani cherehani nzuri, mistari na mistari, ameyaandika kwa rangi nyeupe juu ya weupe. Msomaji hayaoni ila mashine ya kutafuta, yaani ile ya Google, inayasoma. Nilikaa nayaangalia muda mrefu.

Huo ujanja ni wa miaka ya 1990 na zamani ulikuwa unafanya kazi kweli. Ujue ukiandika swali, mashine haiendi kuzunguka mtandao mzima saa hiyo hiyo, kurasa ilishazipitia mapema ikatengeneza kitu kama ile faharasa ya mwisho wa kitabu, kila neno na kurasa lilipo. Kupata kurasa zenye neno lako ni rahisi, kazi ni kuzipanga, na mashine za mwanzo zilitegemea sana kuhesabu maneno, kwa hiyo aliyerudiarudia ndiye aliyekaa juu. Na maneno yenyewe hayana uzito sawa, ukiuliza "kwa nini cherehani inakata uzi" hilo "kwa" liko kila mahali halisaidii kitu, "cherehani" ndilo linalochuja, hilo mtafiti wa kompyuta Karen Spärck Jones alishalionyesha tangu 1972, kabla hata tovuti hazijakuwepo.

Kilichobadilisha mambo ni linki, yaani yale maneno unayobonyeza yakakupeleka ukurasa mwingine. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google, wakiwa wanafunzi Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza kwamba ukurasa mmoja ukiweka linki kwenda mwingine ni kama umeupendekeza, jinsi wasomi wanavyotajana kwenye maandishi yao. Lakini hawakuhesabu linki tu, na hapa ndipo wauzaji wanapotuficha: pendekezo la ukurasa ambao wenyewe umependekezwa na wengi lina uzito kuliko la ukurasa usiojulikana, halafu ukurasa wenye linki 100 unagawa uzito wake kwa zote 100. Fikiria mtu anayebonyeza linki ovyo bila kuchoka, asilimia 85 ya muda anafuata linki iliyo mbele yake, asilimia 15 anaacha anarukia ukurasa wowote ule. Ukurasa anaojikuta amerudi mara nyingi zaidi ndio mzito.

Watu wakaanza kuuza na linki pia, Google wakajibu Aprili 2012 kwa mabadiliko waliyoyaita Penguin, tovuti zilizopandishwa kwa linki za uongo zikashuka. Siku hizi wanaangalia na mengine mengi, kama ukurasa unasomeka vizuri kwenye simu, kama ni salama, na toka 2019 mashine inajaribu kuelewa sentensi nzima badala ya neno moja moja. Hela inanunua tangazo, na tangazo linaandikwa kwamba ni tangazo. Matokeo ya kawaida hakuna anayeuza, Google wenyewe wameandika kwenye maelekezo yao kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Naomba hilo mlichapishe kwa herufi kubwa kama inawezekana maana kuna watu wanakopa ili wawalipe hawa matapeli.

Na nyinyi wenyewe Mhariri nina ombi kwenu. Gazeti linaunganishwa na watu wengi, kwa hiyo linki yenu ina uzito, lakini habari zenu nyingi mnaandika "bonyeza hapa". Mashine inasoma yale maneno yaliyobeba linki ili ijue ukurasa unaopelekwa unahusu nini. Nguvu yake ilionekana 2003, watu walipokubaliana kuunganisha wasifu wa George W. Bush, rais wa Marekani wa wakati huo, kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kushindwa vibaya, ukurasa wake ukawa unatokea juu ukitafuta maneno hayo japo ndani yake hayakuwemo, mpaka Google walipolirekebisha Januari 2007. Sasa "bonyeza hapa" inamwambia nini mtu au mashine? Andikeni jina la kitu chenyewe.

Pia mlipobadilisha muonekano wa tovuti yenu habari za zamani zilipata anwani mpya na zile za mwanzo zikafa, nina linki nne kwenye kurasa zangu zinazokuja kwenu na zote zinaleta ukurasa haupo. Mapendekezo ya miaka yote hiyo yanamwagika bure. Fundi wenu anaweza kuzielekeza anwani za zamani ziende kwenye mpya, ni kazi inayofanyika, tafadhali mwambieni aifanye.

Maneno meupe nimeshayafuta yote, nasubiri mashine ipite tena.

Msomaji wenu,
Fundi cherehani