Mjomba, usikubali tena krosimemba ya giaboksi ichomelewe kwenye chesesi

Shikamoo mjomba. Juzi kwenye simu tulimaliza vibaya, ulisema nimekukalisha gari gereji siku mbili kwa kazi ambayo yule fundi wa barabarani aliimaliza saa moja na nusu, na dagaa wako wakalala sokoni Mwaloni pale Kirumba. Sikujibu maana wewe ni mjomba wangu, sikutaka tubishane na wateja wako wanasikia. Naandika hapa wazi kwa sababu pikapu kama yako nimeshazipokea nyingi tu huku Nyakato, zimefanyiwa kitu kile kile na wenyewe wanahangaika na tairi wakidhani mtetemo unatoka huko.

Na wewe ulihangaika na tairi. Ukanunua mbili, ukabalansi, ukabadilisha krosi, vile viungo vya kujikunja vya propela (ule mhimili unaotoa nguvu kwenye giaboksi kupeleka difu ya nyuma), mara mbili ndani ya miezi mitatu, na bado ikifika 80 sakafu inatetemeka. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hungoji tena kivuko, unataka uende Geita urudi siku hiyo hiyo, kwa hiyo gari inakimbizwa kutwa nzima na ule mtetemo ndo unakula kila kitu.

Nilivyoingia chini nikaona. Ulipobadilishiwa giaboksi, ile mpya ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, kikalio chake kikaangukia sentimita 6 nyuma ya pale ilipokuwa krosimemba, kile chuma kinachovuka kati ya mbavu mbili za chesesi, yaani fremu ya gari, giaboksi ikakikalia. Fundi akatoa ile ya kampuni akaitupa, akakata engo aina, kile chuma cha umbo la L, akaichomelea huku na huku, tena kwenye mdomo wa chini wa chesesi, ule ukingo uliokunjwa chini ya ubavu. Mjomba, pale chini ndo chuma kinavutwa kuliko sehemu yoyote gari ikibeba mzigo, ukipapiga moto unapadhoofisha, na kweli upande wa kulia nimekuta ufa mwembamba umeanzia mwisho wa welding unapanda juu. Ulikuwa unatembea na tani moja ya dagaa juu ya huo ufa. Bomba la breki liko karibu na hapo kama upana wa vidole viwili, na betri hakuchomoa alipokuwa anachomelea.

Alafu engo aina yake ilikaa juu mno, mkia wa giaboksi ukanyanyuka kama sentimita 3. Unaona ni kidogo lakini sikiliza. Propela yako ni kipande kimoja, ina krosi mbele na krosi nyuma, na krosi ikizunguka ikiwa imepinda haizunguki sawasawa, kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Ile ya nyuma kazi yake ni kufuta hilo kosa la mbele, na inaweza tu kama pembe zao zinalingana. Nilipima, giaboksi imeinama digrii 1 na difu imeinuka digrii 3 na nusu. Hazifutani. Ndo maana krosi zilikuwa zinakufa na sili ya nyuma ya giaboksi ikaanza kuvujisha oili, oili ikadondokea raba ya maunting, ile giaboksi inayoikalia juu ya krosimemba, ikailainisha mpaka ikawa kama ugali. Ungebadilisha tairi mpaka mwakani.

Sasa hizo siku mbili zilienda wapi. Siku ya kwanza karibu yote ni kusafisha uharibifu: kusaga ile welding taratibu bila kula chesesi, kutoboa tundu dogo pale ufa unapoishia ili usiendelee, kuuziba na kuwekea bati la kuimarisha kwa ndani, bati ambalo ncha zake tumezikata mshazari maana likikatwa wima linaanzisha ufa mwingine pale pale linapoishia. Betri tulichomoa kwanza.

Siku ya pili ndo ya krosimemba yenyewe. Nilipata ya kampuni kwa wauza chakavu, na ili ifike nyuma nikatengeneza mabati mawili ya milimita 8, yamefungwa kwa bolti ubavuni mwa chesesi, siyo mdomoni, na matundu yake ni marefu ili niweze kusogeza. Giaboksi ilikuwa juu ya jeki na gogo la mbao. Bolti zote zikaingia lakini bila kukazwa, nikashusha jeki, nikaacha injini ijikalie yenyewe na raba isiwe imejikunja upande wowote, nikapima pembe tena, nikaweka vibati vya kujazia mpaka giaboksi ikafika digrii 3, karibu sawa na difu, nikaangalia propela ina nafasi ya kuingia na kutoka kama sentimita 2 na nusu, ndo nikakaza. Bolti ni za milimita 12 zenye alama 8.8 kichwani, nimezikaza nyutoni-mita 80 kwa spana ya kupimia, siyo kwa bomba na nguvu za kijana. Hapo fundi wengi wanakosea, wanakaza kwanza alafu wanalazimisha giaboksi ifuate, raba inabaki imevutwa na haimalizi mwaka.

Nafasi ya kutoa oili ya giaboksi bila kushusha krosimemba nimekuachia, na bomba la ekzosi nimelisogeza mbali na raba.

Nimeijaribu mpaka Usagara na kurudi, imepita 90 imetulia, glasi ya maji kwenye dashibodi ingekaa. Ukishatembea kilomita 500 ilete nikaze tena hizo bolti, dakika ishirini tu, hiyo sikulipishi. Njoo Jumapili asubuhi kabla hujapakia, na ile engo aina nimeiweka chini ya benchi, nataka uone kwa macho yako ilivyopinda.

Mama anakusalimia, anauliza lini unaleta sangara.