Tucheke kidogo kidogo kwenye oditware

Bwana mhariri, mimi njo wa kwanza kwetu kufika iniversite hapa Bukavu, mama anauza samaki sambaza Kadutu, nyumbani ni Mashi, sokoni Kiswahili, kwenye oditware (ukumbi wa masomo) Kifaransa, na ukiuliza swali na Kifaransa chako cha kujikaza wenzako wanacheka, asista, msaidizi wa profesa, naye anacheka (yeye njo ananiuma zaidi). Nikienda Walungu tena mashangazi wanasema eti nimekuwa muzungu. Lakini si mimi peke yangu: hata jaji Sonia Sotomayor wa Bronx, New York, wazazi wake wa Puerto Rico, nyumbani Kihispania, aliingia iniversite ya Princeton 1972 akajisikia mgeni kabisa, na 2009 akawa Mlatina wa kwanza kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani. Basi maasista, mtuache tuulize.

Mwanafunzi, Kadutu